Jiwe Kabla ya Paa

Mzee Cosmos aliponipigia simu kuniambia kanisa linatafuta mafundi wengine wa kwenda kisiwa cha Carriacou, nilikuwa nimelala sakafuni, kwa sababu mgongo wangu ulikuwa haukubali godoro tena. Nilikuwa nimeshakwenda huko mara mbili tangu kimbunga kipite. Nikamwambia nimechoka. Akasema na yeye amechoka, kwa hiyo tutafanya kazi polepole. Huyo ndiye Cosmos Mapson. Ndiye aliyenifundisha useremala nikiwa bado msichana, watu wa mji wetu wa Gouyave wakinicheka nikipanda juu ya nyumba za watu na suruali ya kaka yangu, na toka siku hizo sijawahi kumshinda kwa maneno.

Tulipanda meli asubuhi pale St. George's, bandari kuu ya Grenada. Bahari ilikuwa imechafuka kama kawaida yake upande ule. Cosmos alilala njia nzima mdomo wazi, miguu ameipandisha juu ya sanduku la vifaa. Mimi nilikaa nikiangalia shehena: magunia ya mchele, madumu ya maji, na marobota ya nguo za msaada yaliyofungwa kwa kamba. Safari yangu ya pili tulifungua robota moja la namna ile mbele ya watu waliopanga foleni juani, tukakuta makoti ya baridi na viatu vya kisigino kirefu. Mama mmoja alivaa koti lake palepale, akatembea barabarani akijipepea, watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Safari ile sikumbuki kucheka siku nyingine yoyote.

Kisiwa kilikuwa kimeanza kuota majani, lakini hayakuota matawini. Yaliota kwenye mashina, vichaka vichaka, kama manyoya ya kifaranga, na huko juu matawi yamebaki makavu meupe. Kivuli hakikuwepo. Bandarini Hillsborough alitupokea mratibu wetu, Bwana Lennox Pascall. Alikuwa mwalimu wa kisiwani hapohapo, nyumba yake haikubaki hata ukuta, na alikuwa analala ndani ya gari lake nje ya shule. Alituambia bila kutuangalia kwamba mbao na mabati bado viko kwenye meli nyingine, na meli hiyo haijulikani itafika lini. Kilichokuwepo ni simenti, mchanga na misumari. Tungekaa kijiji cha L'Esterre, kwa mjane mmoja aitwaye Ianthe Quashie, na tungeanza na nyumba yake: tugonge lipu iliyolegea huko juu, tuzibe nyufa za kuta, tuondoe vifusi, tusubiri.

Nyumba ya Bi Ianthe ilikuwa juu kidogo ya barabara. Mabati yote yalikuwa yamekwenda na upepo, lakini nusu ya kenchi za kushikilia paa zilikuwa bado zimesimama, na mbao za sakafu zilikuwa nzima. Mwenyewe alihamia jikoni, chumba kidogo cha zege nje ya nyumba, akatupa sisi chumba cha mbele chini ya turubai. Alikuwa mwanamke mrefu, miaka sabini na kitu, anayetembea kama mtu aliyebeba kitu kichwani hata kama hana kitu. Kila asubuhi alitupikia chai ya kakao na mikate ya kukaanga, mchana ugali na mbaazi. Niliona aibu kula chakula cha mtu ambaye sisi ndio tuliopaswa kumsaidia, nikawa nabakiza. Aliona.

"Kula, Nerissa," aliniambia. "Usipokula utaanguka huko juu, na mimi nina kaburi moja tu la kuhangaikia, silitaki la pili."

Kaburi lenyewe lilikuwa la mumewe, Fitzroy, aliyekuwa fundi wa mashua. Pale nyuma, kwenye tangi la maji ya mvua, liliegemezwa jiwe limeshonewa shuka jeupe. Kimbunga kilichukua mabati, kuku, banda na nusu ya miti ya jirani, lakini jiwe halikusogea. Carriacou mtu akifa anazikwa upesi kama kwingine, ila jiwe lake linangoja. Linangoja mpaka familia ikusanyike na kuwe na chakula cha kulisha watu na cha kuwalisha waliotangulia. Siku likisimamishwa ndipo marehemu anahesabiwa kuwa ametulia. Jiwe la Fitzroy lilikuwa limengoja miaka mingi. Mwaka huu mtoto wa kiume, Garnet, aliyeko Brooklyn, hana likizo. Mwaka ule binti aliyeko Toronto anajifungua. Mwaka mwingine nauli imepanda.

Tulikuwa tumekaa pale muda wa kutosha kuzoea mbu, mbao hazijaja, Bi Ianthe alipomjia Cosmos akichanganya zege.

"Fundi, simenti si ipo?"

"Ipo, Bi Ianthe."

"Basi nisimamishie jiwe la Fitzroy kwanza. Paa litakuja."

Cosmos alimweleza kwa upole kwamba simenti ile si yake, ni ya kuta za watu, na kila mfuko una nyumba yake. Bi Ianthe akasema anajua. Akasema yeye analala jikoni na halalamiki, anayelalamika ni Fitzroy. Tangu kimbunga anakuja ndotoni, anasimama mlangoni nguo zimelowa, hasemi kitu.

"Alikuwa mwanamume wa maneno mengi," alisema. "Akinyamaza najua kakasirika."

Cosmos akampelekea Bwana Pascall ombi hilo, na Pascall akakataa. Sikumlaumu. Alisimama mbele yetu, macho mekundu, shati lile lile la juzi, akasema kuna watoto wanalala kwenye madawati, na yeye hataweza kumwangalia mzazi usoni amwambie simenti imekwenda makaburini. Jioni ile nilimwambia Cosmos kwamba mratibu ana haki. Nikasema watu wetu wameacha kazi zao Grenada waje kujengea walio hai. Cosmos alikuwa ameloweka mikono kwenye beseni, vidole vimepasuka kwa simenti.

"Wewe umeombwa nini na huyu mama tangu tufike?" akaniuliza.

Nikafikiri. Nikasema hakuna.

"Basi. Kaomba kitu kimoja."

Neno likazunguka kijijini kama yanavyozunguka maneno yote L'Esterre, na asubuhi iliyofuata alikuja jirani wa chini, Verlyn Enoe, na ndoo. Verlyn alikuwa mama wa watoto wawili, na alikuwa anamuuguza baba yake aliyepooza upande mmoja. Nyumba yao ilianguka yote. Walikuwa wanaishi kwenye ukumbi wa kanisa nyuma ya pazia la shuka. Alikuwa na mifuko ya simenti iliyolowa kwenye kimbunga ikaganda. Alikuwa ameipasua kwa nyundo, akachekecha unga wa katikati ambao maji hayakuufikia, akaujaza ndoo. Baada yake walikuja wengine, huyu na unga kwenye kopo la rangi, yule kwenye sufuria. Kila mmoja alimwaga kile alichokipata kwenye vifusi vyake mwenyewe, wala hakuna aliyekaa kusubiri shukrani. Cosmos alishika unga ule kati ya vidole, akasema unatosha kwa msingi mdogo.

Jumamosi tulichimba msingi kwenye kaburi la Fitzroy, juu mlimani, tukamwaga zege. Jumapili baada ya ibada walikuja watu. Wapiga ngoma wa kijiji walikuwa wametawanyika kwa ndugu zao Grenada, amebaki mmoja tu, mzee mwenye ngoma iliyopasuka ukingo, naye akapiga hiyohiyo peke yake. Bi Ianthe alikuwa amepika tangu alfajiri: ugali uliofinyangwa mabonge, mbaazi, wali, na kuku wawili ambao sijui aliwatoa wapi maana kuku wa kijiji wote walikwenda na upepo. Sahani ya kwanza haikuguswa na mtu. Iliwekwa kwenye meza jikoni, mlango ukafungwa, ili wale waliotangulia wale kwa nafasi yao. Nje alimwaga maji, halafu ramu, akiwaita mababu na mabibi kwa majina, wa kwake na wa Fitzroy, polepole kama anayeita mahudhurio ya darasa.

Jiwe lilihitaji watu wanne. Tulikuwa mimi, Cosmos na Verlyn, na tulikuwa bado tunatazamana nani wa nne, Bwana Pascall alipotokea barabarani na shati safi. Alikunja mikono ya shati, akashika kona yake. Tulilipandisha mlimani tukipumzika kila baada ya hatua chache, na ngoma nyuma yetu. Cosmos akalipima kwa pima maji, akalisawazisha, akalipima tena. Bi Ianthe alikata uzi wa shuka kwa meno. Ndani kulikuwa na jina la mumewe, miaka yake, na mashua ndogo iliyochongwa. Binti wa Verlyn alishika simu juu ili Garnet aone kutoka Brooklyn, na mtandao ukakatika kabla jiwe halijasimama sawasawa.

Watu walipomaliza kula na kuondoka, Bi Ianthe alikaa kwenye ngazi za nyumba yake, akavua viatu. Nilikuwa naosha masufuria. Alizungumza na Cosmos, lakini alijua nasikia.

"Sasa naweza kwenda," alisema.

Cosmos akamuuliza kwenda wapi.

"Kwa Garnet. Tiketi kanikatia siku nyingi. Nilimwambia sitoki hapa nimemwacha baba yake amelala kama mtu asiye na watu. Sasa nimemaliza."

Niliweka sufuria chini. Mwili ulikuwa unaniuma wote, mikono, shingo, mpaka meno, na maneno yakanitoka kabla sijayapima. Nilimwambia kwamba mimi nimetoka Gouyave na mgongo mbovu kuja kumjengea nyumba, nimelala na mbu kwenye chumba chake, nimeziba nyufa zake moja moja, na muda wote huo alijua hataishi humo. Nilimuuliza tulikuwa tunamjengea nani.

Cosmos akaniambia, "Nerissa." Jina tu.

Bi Ianthe hakukasirika. Aliendelea kusugua nyayo zake.

"Nilikuwa sijui kama nitaweza," alisema. "Mwanangu, kila asubuhi nilikuwa naamka nasema leo nitamwambia fundi aache. Halafu nawaona mmeshapanda huko juu, mnagonga, na mimi naanza kufikiri labda nitabaki. Nilipenda kusikia watu wakigonga."

Nilirudi kwenye masufuria yangu. Nilikuwa bado na hasira, lakini hazikuwa na mahali pa kukaa tena.

Meli iliyobeba mbao ilifika wiki hiyo ikiwa na nusu ya vitu tulivyoahidiwa. Mabati yalikuwepo ya kutosha, ila mbao zilikuwa chache, na nyingine zimepinda. Bwana Pascall, aliyekuwa ameshasikia kwamba Bi Ianthe anaondoka, alikuja kumuuliza afanye nini na fungu lake. Bi Ianthe alikuwa ameshafikiri. Akasema mabati na mbao wampe Verlyn. Pascall akasema mbao zile hazitoshi kuinua nyumba iliyoanguka yote. Hapo ndipo Bi Ianthe alipoonyesha kwa kidole juu, kwenye kenchi zake zilizobaki.

"Zile hazikuanguka," alisema. "Zishusheni. Na sakafu pia."

Mimi niliuliza kwa nini asimwachie tu Verlyn nyumba ahamie, tuiezeke ikiwa imesimama. Akanieleza kwamba ardhi ile ni ya ukoo mzima wa Fitzroy, wako binamu Uingereza na wengine Trinidad, na yeye hana ruhusa ya kumweka mtu. Siku yoyote angeweza kuja mmoja wao na kumtoa Verlyn na mgonjwa wake nje. Halafu baba yake Verlyn ni wa kiti cha magurudumu, kile kilima atapandaje. Lakini mbao Fitzroy alizikata msituni kwa mkono wake, akazichana mwenyewe. Mbao hazina binamu.

Verlyn alipoambiwa alikataa. Alisema hawezi kulala chini ya paa la shangazi, ndivyo alivyomwita Bi Ianthe, akijua shangazi ameondoka nyumba imebaki mifupa. Walibishana pale barabarani, wanawake wawili waliochoka, sauti zao hazipandi. Mwishowe Bi Ianthe akamuuliza kama anataka mbao zile zikaoze kwa heshima. Verlyn akafuta uso kwa kitambaa cha kiunoni, akakubali.

Kwa hiyo sisi tuliokuja kujenga tukaanza kubomoa. Ile ndiyo kazi iliyonichosha kuliko zote, na wala haikuwa nzito. Fitzroy alikuwa amejenga nyumba kama mtu anayetaka siku moja aigeuze aiingize majini. Maungio yake yalikuwa ya mashua, vipande vimekumbatiana, vimefungwa kwa vijiti vya mti badala ya misumari. Nilichukua mtaimbo, Cosmos akaninyang'anya. Alitoa kila kijiti kwa kukigonga upande wa pili kidogo kidogo, akishusha boriti kwa kamba kama anayemshusha mtu kutoka kitandani. Bi Ianthe alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa akitazama. Ilipofika zamu ya boriti ya juu kabisa aliinuka, akaenda jikoni, akasema tumwite tukimaliza. Tulipomwita alitoka na chai, akamimina vikombe bila kutazama upande wa nyumba. Kuta nne zilikuwa zimebaki wazi, na ndani jua limeingia mpaka pembeni.

Tulibeba mbao chini kwa mabega. Nyumba ya Verlyn ilikuwa ya vyumba viwili na kibaraza kipana cha kupitisha kiti cha mgonjwa. Kazi ilikwenda polepole, kama Cosmos alivyoahidi. Kuna siku jua lilituzidi tukakaa chini ya bati lililoegemezwa, hatuna hata nguvu ya kufukuza nzi. Kuna siku nililia nikiwa juu ya ngazi bila sababu, nikajifuta, nikaendelea kupigilia. Bwana Pascall alikuwa anapita jioni kushika upande wa pili wa mbao, halafu anarudi kulala kwenye gari lake. Jina lake kwenye orodha ya nyumba lilikuwa la mwisho. Alikuwa ameliweka huko mwenyewe.

Tulipomaliza, walimleta Mzee Enoe, wakamlaza ndani. Aliangalia juu kwa muda mrefu, sote tukiwa tumesimama mlangoni tukingoja atasema nini. Mdomo wake ulikuwa unakwenda upande, lakini maneno yalitoka yote.

"Kuna joto humu," alisema.

Verlyn alicheka mpaka akashikilia ukuta, na katikati ya kicheko kikageuka kilio, na watoto wake wakamshika miguu. Cosmos akasema kesho yake ataweka tundu la hewa. Akaliweka.

Bi Ianthe aliondoka kwa meli moja na sisi. Mzigo wake ulikuwa begi moja na mfuko wa mbaazi kavu, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba mbaazi za Brooklyn hazina ladha. L'Esterre ilimsindikiza mpaka barabarani. Hakulia, wala hakutazama upande wa kilima. Jiwe la Fitzroy lilikuwa linaonekana kutoka njiani, jeupe kati ya miti iliyochanganyikiwa, lakini alikuwa anazungumza na Verlyn kuhusu dawa za Mzee Enoe, zipi kabla ya chakula na zipi baada.

Baharini alitapika. Nilimshikia ndoo, Cosmos akamshikia kofia. Alipotulia aliniegemea, mzito kuliko nilivyodhani, akasema kwamba hajawahi kupanda lifti na Garnet anaishi ghorofa ya tisa. Akaniuliza kama inatikisika kama meli. Nikamwambia hapana, inakwenda kimya, hata huhisi. Sikuwahi kupanda lifti ya namna hiyo mimi mwenyewe, lakini nilimwambia hivyo.

"Wewe una mdomo," akasema akiwa amefumba macho. "Usije ukauacha."

Akalala. Mkono wangu ulikufa ganzi, nikauacha hivyohivyo mpaka minara ya St. George's ikatokea.

Bandarini alikuwepo mtoto wa dada yake Bi Ianthe na teksi ya kumpeleka uwanja wa ndege. Walipakia begi, wakapakia mbaazi. Bi Ianthe alishika mikono ya Cosmos, akaigeuza, akaangalia vidole vilivyopasuka, akamwambia apake mafuta ya nazi kila jioni na asiwe mbishi. Mimi alinivuta kichwa, akanibusu juu ya nywele zilizojaa vumbi la mbao. Kisha akaingia ndani ya gari, likapanda kilima cha mji, likapotea nyuma ya lori la soda.

Basi la Gouyave lilikuwa linapiga honi upande wa pili wa barabara, kondakta anatuita. Cosmos alikaa juu ya sanduku lake la vifaa. Nikakaa kando yake. Basi likajaa, likaondoka, likaja lingine, nasi hatukuwa na haraka. Alitoa mkate uliobaki kwenye mfuko wa shati, akaukata vipande viwili, akanipa kile kikubwa, tukala taratibu tukiangalia watu wanavyoshuka na mizigo yao.